Taza Hasifiwi

Mjukuu wangu Zuhura,

Huku Chula tu wazima, alhamdulillahi. Shangazi yako kajifungua mtoto wa kike. Umeniuliza: wale watu wa kitabu chako, waliotiwa mashine kichwani na serikali wasiweze kuiba, je, ni wema?

Ujanani tulivua kasa kwa taza, samaki anayemganda kasa mgongoni. Tulimfunga taza kamba mkiani, tukamwachia amgande kasa, kisha tukawavuta. Siku moja alimganda kasa aliyekwisha gandwa na taza mwingine, kamba yake imekatika. Tuliitambua kamba, ya jirani yetu Shee. Kwetu, kasa ni wa mwenye taza aliyetangulia. Hapakuwa na wa kutuona. Baba akasema, "Mpelekeeni Shee."

Taza hawezi kutoganda. Baba angeweza kumchukua yule kasa.

Jioni tulikula wali mtupu. Taza hakuna aliyemsifu. Baba, mama alimpa ukoko wote.

Babu yako