Filimbi Haina Mwenyewe

Shambani, 6 Machi

Mdogo wangu mwalimu,

Binti yangu alipoteza jina lake Jumatatu tarehe 2 Machi asubuhi, mstarini kwako, mbele ya wanafunzi mia sita. Salamu zinafuata: mimi mzima, mgongo ndio ule ule, natumaini wifi na watoto hawajambo. Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu kila nikipiga simu uko kikaoni, na karatasi haisambazwi kwa kidole.

Mpwa wako alijirekodi hapa kazini, kwenye shamba la miti, maranda ya mbao yamejaa kichwani, akieleza namna ya kupima gogo kabla ya kulikata. Hesabu ni yake mwenyewe. Zamani tulikata magogo yote urefu mmoja, tukayavuta hadi barabarani, ndipo tukamuuliza mteja anataka nini. Katika kila magogo kumi, manne yaliishia kuwa kuni. Tangu tufuate hesabu yake, halifiki hata la pili. Akaituma video kwenye kundi la darasa, kazi ya mradi. Wenzake watatu wakambandikia mlio wa mbuzi kila anapofungua mdomo, wakamwita Maranda, ikazunguka madarasa mawili. Watu themanini, tuseme.

Wewe ukakasirika, ukapanda jukwaani, ukausoma kila ujumbe neno kwa neno ili waliouandika waone aibu, na ukamtaja aliyeandikiwa. Sasa piga hesabu. Wale watoto na simu zao walifika themanini. Wewe na kipaza sauti chako mkafika mia sita. Mpaka mpishi wa shule anamwita Maranda.

Kisha ukamrudisha nyumbani apumzike, na wale watatu wako darasani. Kwangu msumeno ukimkata mtu tunazima msumeno. Hatumwondoi aliyekatwa tukaendelea kupasua.

Haongei mbele ya watu. Futi yake ya kupimia inaning'inia kwenye msumari.

Dada yako


Shuleni, 10 Machi

Dada yangu,

Shikamoo. Sisi wazima, wifi yako anakusalimu na anasema ile dawa aliyokupa uipake mgongoni, usiisifie tu.

Barua yako imenichoma, lakini niamini, nia ilikuwa njema. Nimeshachukua hatua. Simu zote zimekusanywa na ziko kabatini. Tumeunda kamati. Mshauri wa wanafunzi amezungumza na kila darasa. Kuhusu wale watatu, mmoja ni mtoto wa mwenyekiti wa bodi, sasa unanielewa ninavyotembea juu ya mayai.

Rafiki yangu ana shule nzuri na nafasi ipo. Mhamishie huko aanze upya, pasipo mtu anayemjua. Huku kuna taratibu, dada. Shule si msitu.

Mdogo wako


Shambani, 11 Machi

Mdogo wangu,

Hatujambo. Njoo Jumamosi saa tatu uuone huo msitu. Usivae vile viatu vyako vya harusi.

Dada yako


Shuleni, 16 Machi

Dada yangu,

Shikamoo. Nilifika salama. Viatu ndiyo nilivaa, na vimekufa.

Wewe ulikuwa upande wa lori, hukuona yote. Nilikuwa nimesogea nipige picha. Ghafla filimbi, misumeno minne ikanyamaza kwa pamoja, na wanaume wote wakageuka kuniangalia. Kumbe nimesimama pale pale mti unapolalia, na umeshakatwa mdomo, lile pengo la upande utakaoangukia. Nikajiandaa kuchekwa. Mwalimu mkuu mzima, na tai shingoni. Msimamizi wako akaja, akanishika kiwiko, akanipeleka nyuma ya utepe mwekundu, akasema, "Hapa, mwalimu," akainua mkono kazi iendelee. Basi. Wakati wa kula nikasubiri utani, haukuja. Nikamuuliza ni nani aliyepiga.

"Filimbi haina mwenyewe, mwalimu," akasema, akaniongezea chai.

Lakini nilimwona. Alikuwa juu ya rundo la magogo, filimbi bado mdomoni. Nilipopita akaniambia, "Mjomba, viatu." Maneno mawili tu, dada, nikayabeba njia nzima.

Nilikosea. Hata ningesoma kwa upole ningekuwa nimekosea. Nitalirekebisha, ila bodi inakaa mwishoni mwa muhula na mwenyekiti bado ana hasira. Tuvute subira hadi muhula ujao.

Halafu niambie, kusimama kule kulikugharimu kiasi gani?

Mdogo wako


Shambani, 20 Machi

Mdogo wangu,

Hatujambo, mgongo umepakwa dawa, mwambie wifi.

Umeuliza gharama. Robo saa, misumeno minne: saa nzima ya msumeno mmoja. Wiki huwa tunasimama hivyo mara tatu, nne. Zamani hatukusimama. Aliyekosea nilimfokea mbele ya wenzake na kumfukuza siku hiyo hiyo, nikajiona hodari wa kusimamia kazi. Walichojifunza ni kuficha. Msumeno butu unafichwa, gogo lililopasuka linafunikwa matawi, mimi nalihesabu kuwa zima. Sasa yeyote anapiga filimbi, hatuulizi nani, na aliyekosea anarekebisha kwa mikono yake na kubaki kazini. Mwezi uliopita tumeshusha malori kumi na moja, badala ya manane tuliyozoea.

Kwa hiyo sikuombi uwafukuze wale watatu. Wape simu zao, mwalimu wa darasa akae pembeni yao, wapite kundi moja baada ya jingine wakiifuta video na kuwaomba wenzao waifute. Simu ikifungiwa kabatini, ile video inawasubiri humo humo. Mwenyekiti akija juu, mlete huku, viatu vyovyote.

Muhula ujao ni mbali. Mti uliokatwa mdomo hatuuachi wima tukaenda likizo, unajua sababu, ulisimama chini yake.

Jana nilimweleza mpwa wako kuhusu shule ya rafiki yako. Alikuwa ameshika futi. Akasema, "Mama, sijakosa kitu. Narudi darasa langu, lakini mjomba aseme kwanza."

Lori linashuka mjini Jumatatu alfajiri, na linapita getini kwako kabla ya mstari. Nataka kujua napakia mbao tupu, au mbao na mwanafunzi. Swali ni moja. Jumatatu, kwa kipaza sauti kile kile, utawaambia wale mia sita kwamba kuusoma ule ujumbe lilikuwa kosa lako, bila kumtaja yeye hata mara moja, kisha umpokee getini kwa jina nililompa?

Ndiyo au hapana. Ya mwenyekiti usinieleze. Nijibu kabla ya Jumapili saa kumi na mbili jioni, safari hii hata kwa simu, kwa sababu saa hiyo dereva anafunga turubai.

Dada yako