Kichwa Nilichokukabidhi

Kitale,
Jumapili jioni.

Kwako Kaka Wanjala,

Nakusalimu kwanza, maana hata mtu akiwa na uchungu, mkubwa wake hanyimwi salamu. Mama aliniambia mguu wake umepungua uvimbe. Tafadhali hakikisha anauweka juu ya kigoda jioni, kwa sababu kwenye simu huniambia ameketi na kumbe yuko kwa mahindi. Shemeji Nekesa hajambo? Mtoto ameanza kusimama? Huku Kitale mvua imeshika, wakulima wamejaa dukani kutafuta mabati na misumari. Mimi ni mzima wa mwili.

Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu wewe hunishinda. Nikianza kusema, unacheka, na wewe ukicheka mimi pia hucheka hata kama sitaki, halafu neno langu linapotea. Kwenye karatasi huwezi kunikatiza. Nimefungua shajara yangu hapa mezani ili nisiseme jambo ambalo halikutokea.

Unajua nywele zangu zilianza kurudi nyuma nikiwa kidato cha nne. Kufikia mwaka niliopata kazi hapa, utosi wangu ulikuwa umebaki kama uwanja wa shule mbele ya goli: nyasi pembeni, katikati udongo. Nilijaribu maji ya kitunguu, nikajaribu mshubiri, nikajaribu mafuta ya nyonyo hadi mto wa kulalia ukanuka. Kila dawa niliipa nafasi yake na kuandika matokeo yake, na matokeo yalikuwa yaleyale. Daktari alinitazama, akaniuliza kuhusu wajomba zangu, akatabasamu. Mama naye husema kipara ni heshima, kwamba zamani mwenye kipara aliitwa kwenye kila kikao. Lakini mjomba alikipata akiwa na ng'ombe na wajukuu. Mimi nina miaka ishirini na sita, na mama wa mboga hapa sokoni aliniita mzee, kisha akamgeukia mwenzangu niliyesoma naye darasa moja akamwita kijana.

Kwa hiyo nilikuletea wewe kichwa changu. Katika mji huu vinyozi ni wengi kuliko maduka ya mbegu, na sikuketi kwenye kiti cha hata mmoja. Kila mwisho wa mwezi nilishuka Bungoma. Ulifunga mlango, ukageuza kile kibao cha nje, ukapunguza pembeni, ukanichorea mstari wa mbele kwa ile poda nyeusi, ukanijazia utosi kwa brashi ndogo. Nikitoka hapo nilikuwa kijana tena kwa siku chache, mradi nisinyeshewe.

Sikukuchagua kwa sababu ni bure. Baba alipozikwa na siku ya wafiwa kunyolewa ikafika, mzee aliyeshika wembe alinikata nyuma ya sikio nikaanza kulia mbele ya watu wote. Wewe ulikuwa umeshanyolewa. Ulimwomba mzee wembe, ukanimalizia mwenyewe polepole huku ukipuliza pale panapouma. Tangu siku hiyo sikuwahi kufikiria kwamba mkono wako unaweza kuniumiza.

Sasa nieleze kuhusu Jumamosi ile. Simu yako ilikuwa imeegemezwa kwenye chupa ya spiriti chini ya kioo, muziki ukicheza. Nilivua kofia. Ukanishika kidevu, ukanigeuza uso hadi kwenye taa, ukasema, "Hebu nione vizuri." Nikatulia. Nilidhani ni wewe uliyetaka kuona.

Jumanne asubuhi niliingia dukani nikakuta vijana wa kupakia mizigo wamekusanyika kwenye simu moja. Mmoja aliniona, akapiga saluti.

"Mzee amefika! Bana Simiyu, leo umekuja na nywele za Mungu ama za kuchora?"

"Msimguse, rangi itatoka!"

"Si ungesema tu, tungekupaka ile ya mabati. Hiyo hata mvua haitoi!"

Mteja mmoja kutoka Suam, mtu ambaye sijawahi kumjua jina, alinitazama utosini, akatazama simu, akatazama utosini tena. Ndipo nikaonyeshwa video yenyewe. Kichwa changu kitupu chini ya taa yako, uso wangu wote, macho yamefumbwa. Kisha mkono wako na brashi. Kisha mimi nikitabasamu mbele ya kioo kama mtu aliyefufuka. Chini umeandika, "Anaingia mzee, anatoka kijana," pamoja na namba ya duka lako.

Mzee Singh alitoka ofisini akawatawanya. Unamjua, mwenye duka letu, yule Kalasinga mrefu. Aliniita ndani akanimiminia chai. "Mimi kilemba changu hakuna anayejua kilichoko chini yake," alisema. "Lakini ndugu yangu akikivua mbele ya watu, hiyo si maneno ya nywele tena." Aliyesema hivyo ni tajiri wangu, Wanjala. Ndugu yangu wewe, nilipokupigia, ulisema nini? Niliandika siku hiyohiyo.

"Aah, Simiyu, tulia bana! Watu wanaipenda! Leo nimepata wateja hadi wa Bokoli."

"Nilivua kofia kwa sababu ulifunga mlango."

"Na si umetokea vizuri? Soma vile wasichana wanaandika. Ati kipara na ndevu ndio mpango siku hizi. Wewe unashinda ukijificha, mimi nimekusaidia."

"Ungeniuliza."

"Ningekuuliza ungekataa."

Hapo ndipo nilipokata simu. Sentensi hiyo moja nimeigeuza kila upande na bado haina upande mzuri. Ulijua ningekataa. Hukusahau kuniuliza, hukupitiwa. Ulijua jibu langu ukaona heri ulikwepe.

Na usidhani sikusoma walivyoandika. Ni kweli wengi wamenisifu. Ni kweli pia kwamba mambo yamebadilika, vijana wenye nywele zao nzuri wanazinyoa zote kwa hiari na kuachia ndevu, na hakuna anayewaita wazee. Labda hata mimi ningefika huko kwa miguu yangu. Lakini wewe ulinisukuma, halafu ukaniambia nikushukuru kwa kufika mapema.

Sasa nikuambie jambo ambalo hukulijua, ama labda ulilijua. Mchumba wangu Nafula hakuwa amewahi kuniona bila kofia au bila poda yako. Nilikuwa nimejipangia kumwambia mwenyewe, Jumapili hii ya leo, kabla hatujapeleka watu wetu kwao Kachibora. Nilitaka aniulize maswali na mimi nimjibu. Wewe ulifika kwake kabla yangu. Binamu yake alimwonyesha wakiwa jikoni na shangazi zake, wote wakicheka, na yeye pia akacheka kidogo kabla hajatambua ni nani.

Alikuja dukani Alhamisi na mwavuli wake, hakutaka kuketi.

"Vua kofia," aliniambia.

Nikavua. Alitazama, kisha akasema, "Ni hii tu? Baba yangu anacho, na mama bado anamwonea wivu sokoni. Mimi kipara sijali. Lakini mbona nikujue kwa simu ya mtu mwingine?"

"Nilikuwa nikwambie Jumapili."

"Kila mtu hupanga Jumapili akishapatikana."

Kaka, ni kweli nilipanga, na sasa hakuna njia ya kumthibitishia. Hicho ndicho ulichochukua. Nywele zilikuwa zinaenda hata hivyo. Ulichukua nafasi yangu ya kusema ukweli kabla haujafichuliwa, na sasa mbele ya mke wangu mtarajiwa mimi ni mtu aliyekamatwa.

Hakuvunja mambo. Alisema tuje kwao kama tulivyopanga, lakini tuje vile tulivyo. Kisha mlangoni akageuka. "Na huyo kaka yako siku hiyo atakaa wapi? Baba ameshaniuliza kama tutarekodiwa."

Unajua mahali pako. Baba hayupo, wewe ndiwe mkubwa, kiti cha kando yangu ni chako na neno la kwanza la nyumba yetu ni lako. Nimekaa na swali hilo tangu Alhamisi. Mama anasema nikusamehe kwa kuwa ndugu hatupwi. Sikutupi. Lakini mtu atakayezungumza na baba yake Nafula kuhusu maisha yangu lazima awe mtu ambaye nikimwambia jambo ndani ya mlango uliofungwa, linabaki ndani. Kwa hiyo nimemwomba mjomba akae kando yangu na azungumze kwa niaba ya Baba. Amekubali. Wewe utakaa na vijana wa nyumbani, utakula, utacheka, na hakuna atakayekuuliza kitu. Hata video sikuombi uifute, wameshaisambaza hadi Uganda.

Nisalimie Mama, umwambie dawa ya mguu nitaituma na mke wa mjomba akipanda huku. Salamu kwa shemeji Nekesa, ambaye najua alikukataza, kwa sababu alinipigia akilia. Msalimie dada yetu mdogo pale chuoni Bungoma. Amekuwa akinitetea mtandaoni kwa matusi ambayo sikujua anayajua. Mwambie nimeshukuru na aache. Mbebe mtoto kwa ajili yangu.

Jambo la mwisho. Ijumaa baada ya kazi nilipita kwa dada mmoja kinyozi nyuma ya soko hapa Kitale. Mlango wake ni pazia tu, watu wanapita wakichungulia. Aliniuliza kama anichoree mstari. Nikamwambia hapana, toa zote. Hakuuliza tena, akawasha mashine huku akiongea na mteja mwingine kuhusu bei ya unga. Nilikaza macho kwenye kioo mwanzo hadi mwisho, na alipomaliza akanipangusa kwa taulo na kumwita anayefuata.

Basi ukija Kachibora, usije na ule mfuko wako wa vifaa kama unavyofanya kila tunapokuwa na shughuli. Uache Bungoma. Mimi nimeshanyolewa.

Ni mimi mdogo wako,
Simiyu