Musa Hakupanda Gari la Farao

Jumanne, wiki ya Pasaka

Bado nina hasira. Fundi wa Keko katutengenezea gari la vita la Farao kwa magurudumu ya mkokoteni, limependeza mno. Leo mzee wa kanisa kaamuru eti katika igizo la kuvuka Bahari ya Shamu alipande Musa, anayeigizwa na mwanawe.

"Mama Neema, Musa atembee kwa miguu kama mchukuzi wa Tandale?"

"Ndiyo, mzee. Waisraeli walivuka kwa miguu. Magari yalikuwa ya adui, yakazama."

Akacheka. Nikikataa, igizo atampa mwalimu mwingine.

Naogopa kunyang'anywa watoto wangu wa shule ya Jumapili. Lakini wakijifunza kwamba Mungu yuko na mwenye gari, basi wazazi wao wanaotembea...

Siku ile baharini Bwana mwenyewe aliyang'oa magurudumu ya magari ya Farao. Kesho naenda Keko kuazima spana.