Siku Niliposhika Saa ya Mpira

Mususa, Butembo
Jumapili, baada ya misa

Papa wangu mpendwa,

Nakusalimu wewe na Mama, na wote mnaolala chini ya paa letu pale Kindu. Goti lako linaendeleaje? Nilisikia kwenye simu kwamba unajikokota nalo hadi uwanjani kila Jumapili, na Mama amenuna. Mimi simo. Huku mimi ni mzima, baridi nimeizoea, ninalala na mablanketi mawili na asubuhi naoga maji ya moto. Shule inaendelea vizuri. Nina darasa la tano na la sita, hesabu tupu, na wanafunzi wananiogopa kiasi cha kutosha.

Leo nakuandikia habari ya mpira. Kaa chini kwanza, maana najua hukutarajia kuisikia kutoka kwangu. Katika watoto wako sita, mimi peke yangu nilibaki na daftari wakati ninyi wote mlikwenda kupiga kelele uwanjani, na uliniombea kama vile nina ugonjwa. Papa, sijapona. Mpaka leo nikiona watu wazima wanakimbilia kitu kimoja cha mviringo, nasinzia.

Na huku wamezidi kuliko kwetu. Walimu wenzangu hubishania timu za Ulaya hadi kengele inalia hawaisikii. Nimepanga kwa Mama Masika, mjane anayeuza maharage sokoni, mtu wa moyo mkubwa. Tangu nilipofika, mwaka wa pili sasa, nakula mezani kwake kama mtoto wake. Lakini siku ya mechi sebule inajaa hadi mlangoni, na mimi nahamia jikoni na mitihani yangu ya kusahihisha. Mwanawe Kambale ni motari, ana pikipiki ya kubeba abiria, naye ndiye anayenipeleka shule asubuhi. Wiki ya kwanza aliniuliza ninashabikia timu gani. Nikamwambia sina. Alisimamisha pikipiki katikati ya kilima, akageuka kunitazama.

"Hata moya, Madame?"

"Hata moja."

"Mais lakini sasa unaishi namna gani?"

Kesho yake mtaa mzima ulijua. Wanawake wa sokoni walinionea huruma kweli.

Sasa sikiliza. Kila mwaka hapa Mususa motari wanacheza na maseremala, na mshindi anachukua mbuzi. Mwaka jana mchezo uliishia kwa mawe, kwa sababu mwamuzi alisemekana kuongeza dakika kwa ajili ya shemeji yake. Basi wakubwa wa pande zote mbili wakakata shauri: mwamuzi abaki na filimbi, lakini saa ishikwe na mtu mwingine, na kitambaa cha huyo kikipanda juu, mchezo umekwisha. Shida ikawa kumpata mtu mwenyewe. Wakaenda kwa katekista, kumbe mtoto wake ni seremala. Wakaenda kwa muuguzi, dada yake ameolewa na motari. Huku kila mtu ni shemeji wa mtu. Ndipo Kambale mwenyewe akasema kwenye mkutano: "Kwetu kuko Madame. Ametoka mbali, hana ndugu huku, na mupira haimusumbue hata kidogo." Maseremala walikubali kabla hajamaliza.

Nilitaka kukataa. Halafu nikajiambia kwamba kuhesabu dakika ni hesabu, na hesabu ndiyo kazi iliyonileta huku.

Siku yenyewe walinipa kiti cha plastiki kando ya mstari wa katikati na kitambaa chekundu. Saa niliiweka kwenye simu yangu. Motari walikuwa wamezungusha pikipiki zao uwanja mzima wakipiga honi. Mpira sikuutazama, Papa, nakuambia ukweli. Nilijua tu kwa kelele kwamba maseremala wamepata goli moja, na kwamba mwishoni motari walikuwa wanasukuma kwa nguvu. Mimi macho yangu yalikuwa kwenye namba. Ilipofika sekunde ya mwisho nikasimama, nikainua kitambaa. Papo hapo uwanja ukalipuka. Mwamuzi alikuwa anatazama mpira, hakuniona hadi ulipokwisha kuingia.

Aliyefunga goli hilo ni Kambale.

Wakanijia wote. Nahodha wa motari akanipigia kelele: "Madame, mupira ilikuwa imeshatoka ku muguu!"

"Mupira sijui ilikuwa wapi," nikamwambia. "Saa najua ilikuwa wapi."

Kisha nikasikia sauti ya Mama Masika kutoka upande wa wanawake, na hiyo ndiyo iliyonichoma: "Madame! Si unakula kwangu?"

Ningeweza kusema nimekosea, simu imekwenda mbele, na wote wangeniamini, kwa kuwa mimi ndiye mjinga wa mpira. Ningelala kwa amani katika nyumba ile. Lakini nilishika kitambaa juu hadi bega likauma, na mwamuzi akapiga filimbi. Mbuzi alikwenda kwa maseremala. Hakuna aliyerusha jiwe. Ninajivuna kwa hilo, Papa, nakuambia wazi wazi. Sijawahi kujivuna hivi, hata siku ile nilipopata diploma.

Nililipa lakini. Wiki nzima hakuna motari hata mmoja aliyenibeba. Unajua Butembo ilivyo, pikipiki kama nzige, na mimi ninanyoosha mkono zinanipita! Nilipanda vilima kwa miguu, nikafika shule na tope hadi magotini, wanafunzi wakacheka kwa kujificha. Kambale alikuwa anaondoka kabla sijaamka. Chakula changu Mama Masika alikiweka mezani chini ya sahani, akaenda zake bila neno. Hiyo ilinishinda kuliko vilima. Nilianza kuuliza vyumba vya kupanga mtaa mwingine.

Ijumaa Mama Masika akaja mlangoni kwangu, akakaa kitandani bila kukaribishwa. Marehemu mume wake aliacha shamba nje ya mji, na yeye na shemeji yake wamegombania mpaka wa shamba hilo tangu mazishi. Kila wakipima, upande mmoja unasema kamba imevutwa.

"Jumamosi ijayo tutapima tena," akasema. "Shemeji yangu anataka wewe njo ushike kamba. Na mimi nimekubali."

Nikamuuliza kama bado ana hasira na mimi.

"Iko. Ile goli ilikuwa goli," akasema. "Mais miaka mbili unakula kwangu, na mbele ya batu bote haukunipatia hata segonde moya. Sasa mutu mwingine wa hivi nitamutoa wapi?"

Nililia, Papa. Naye akanicheka, akaniita nije kula, na safari hii tulikula pamoja. Kambale akasema Jumatatu atanipeleka shule, ila nisimzungumzishe njiani. Shemeji yake Mama Masika ameomba jambo moja tu, tumalize kupima mapema kwa sababu siku hiyo kuna mechi.

Nisalimie Mama, nisalimie kaka yangu mkubwa na baiskeli zake za kutengeneza, na shangazi anayeuza mafuta ya mawese, umwambie huku mawese ni ya kuhurumia. Mdogo wangu wa mwisho asome. Nawe ukiwa uwanjani na wenzako, wakikuuliza yule binti yako wa daftari alipotelea wapi, waambie yuko Butembo, watu wamemwita awashikie kamba ya shamba lao.

Binti yako anayekupenda,
Georgette