Mkono Nilioutia Adabu

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba mguu wa shemeji umepona na ubishi wake umemrudia. Sisi huku hatujambo, ingawa neno hilo naliandika kwa kusita. Kuna swali limenikaa kooni miaka sita sasa: mwalimu anaporekebisha kosa la mwanafunzi, anajuaje kwamba ni kosa? Chuo kikuu walinifundisha namna ya kurekebisha. Hilo jingine hawakuligusa.

Uliniuliza kwa nini binti yetu ameachwa na timu ya taifa ya mpira wa magongo, ilhali mimi mwenyewe nilikuandikia kwamba ameiva. Nilimpigia simu kocha wao. Alinijibu kwa upole kwamba msichana amefundishwa vizuri mno, hana kasoro hata moja. Tatizo ni kwamba kila beki anajua atakalofanya kabla hajalifanya. Nilimshukuru, nikakata simu, nikakaa kwenye ngazi za stoo ya vifaa mpaka wachezaji wangu wakaja kuniuliza kama mazoezi yamefutwa.

Unakumbuka uliponikabidhi binti nimfundishe, ana miaka kumi na mitatu, miguu kama vijiti. Wenzake wakamwita Panzi siku hiyo hiyo. Gongo la mchezo huu lina upande mmoja tu, ule bapa, unaoruhusiwa kugusa mpira, kwa hiyo mchezaji hana budi kuligeuzageuza: mkono wa kushoto hugeuza, wa kulia hutia nguvu. Panzi alikuwa akiuachia ule wa kulia. Aligonga chini mara mbili, ta-ta, beki akasubiri pigo la tatu, na la tatu haliji, yeye keshapita. Nilipomuuliza alijifunza wapi, alisema ni uani kwako, kwa ufagio.

Nilimwambia si hivyo. Nilimweleza kwamba ngazi za juu mabeki wana nguvu, na gongo la mkono mmoja halina ubavu mbele yao. Hoja ilikuwa na msingi; hata leo naweza kuitetea mbele ya jopo. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi; hawakutuambia tumfanyeje yule aliyekuja na mkunjo wake. Kwa miezi minane nilimfunga mkono wa kulia kwenye gongo kwa kitambaa, saa nzima kila asubuhi, akizunguka koni. Likizoni ulipoiona alama kwenye kifundo cha mkono, nilikuambia ni bandeji ya mteguko. Haukuwa mteguko.

Juzi alikuja kwangu. Hakunilaumu. Aliniomba tu: Mama Mdogo, nirudishie ile chenga yangu ya zamani. Tulikwenda uwanjani saa nne asubuhi, nikasimama mbele yake kama beki. Aligonga mara mbili, mkono wa kulia ukakaza, na pigo la tatu likaja lenyewe. Akajaribu tena. Likaja. Alicheka, akasema mkono umekuwa mtiifu kuliko mwenyewe. Aliendelea mpaka jasho likamwingia machoni, au nilitaka kuamini kwamba ni jasho. Tangu siku hiyo nikiwafundisha wengine nasikia mapigo mawili nyuma yangu, mahali ambapo hapana mtu, na shingo yangu inakakamaa ikingoja la tatu. Mtoto akikosea, nafungua mdomo niseme si hivyo, kisha namwacha aendelee.

Sasa nikuambie nisilowahi kumwambia mtu. Wiki moja kabla ya kile kitambaa, nilijitia kuwaonyesha wasichana namna ya kukaba. Nilikuwa nimestaafu kucheza mwaka mmoja tu, na bado nilijihesabu beki. Panzi alinipita mara tatu. Mara ya tatu nilianguka kama gunia, na kipa akauliza kwa sauti kama Mama Mdogo aletewe kiti au aletewe machela. Walicheka wote, Panzi naye, huku akininyooshea mkono aninyanyue. Sikuushika. Kesho yake nilifungua kitabu cha ukocha nikamtafutia kosa, nikalipata. Dada, ilianza hasira, hoja ikafuata.

Yeye hajui, na bado ananishukuru. Kumwambia au kutomwambia nakuachia wewe uliyemzaa, na najua kwamba kukuachia ni woga mwingine.

Huenda hoja ilikuwa sahihi hata hivyo. Huenda mabeki wa ngazi ile wangempokonya mpira siku ya kwanza, naye angerudi nyumbani mapema zaidi. Nimejaribu kulipima jambo hili bila kujipendelea wala kujionea, na sijui. Wala sitajua, kwa sababu palikuwa na mtu mmoja tu wa kunionyesha, nami nilimfundisha asiweze.

Nisalimie shemeji na wote wa hapo. Usipojibu, nitaelewa.

Ni mimi, mdogo wako.