Has ni Hasa, Had ni Hadi

Jumatatu, 4 Machi 1974

Mkolani nzima, mwenye Kiingereza ni mimi! Zamani yule Mzungu wa kinu cha pamba akikwama neno, ananiita. Malkia angenisikia, angeniomba niwafundishe wanawe.

Leo Kemilembe, binti wa dada yangu, kaja kwa adabu zote. Shikamoo Mjomba. Ijumaa ana intavyu ya ukarani, ofisi ya meli. Akikosa, anarudi Bukoba kupalilia migomba. Kinachomtesa: has na had. Nikamwambia, hicho tu? Wazungu waliazima kwetu! Has ni hasa. Had ni hadi. Meli has left — imeondoka hasa! Meli had left — ngoja hadi iondoke. Mtoto kafurahi. Mke wangu Leonsia kakohoa jikoni. Moshi, nadhani.

Jumatano, 6 Machi

Mwalimu Odeta, jirani, kaja kuazima mchi. Kemilembe kampa kanuni yangu. Mwalimu kacheka mpaka kashika mlango! Eti has left, meli imeondoka, ukikaza macho bado unaiona. Had left, ilikuwa imeshaondoka wewe ulipofika na kikapu chako. Nilikuwa nyuma ya pazia. Mbaya zaidi — nikaelewa.

Kemilembe hakutikisika. "Hapana, Mwalimu. Mjomba alimfundisha hata Mzungu."

Jioni Leonsia kaniwekea uji. "Baba Venant, utamwacha mtoto hivyo hadi lini? Au hasa lini?"

Mwanamke huyu!

Alhamisi, 7 Machi

Ndizi hazipiti. Mimi mtu wa Bukoba, nishindwe na ndizi!

Ijumaa, 8 Machi, asubuhi

Kemilembe yuko mlangoni. Viatu vinang'aa, gauni la Leonsia limebanwa kwa pini kiunoni. "Mjomba, nirudie mara ya mwisho. Had ni hadi, siyo?" Nimemwambia asubiri, naandika jambo la serikali. Leonsia kasimama nyuma yake, mikono kiunoni.

"Mjomba, nachelewa!"

Ngoja niandike kwanza, mdomo uzoee. Nilikuwa nimekosea. Hiyo ni had. Tamu — kosa liko mbali, lilishakwisha, watu wamesahau. Ila Mwalimu Odeta angeikata kwa wino mwekundu. Maana mtoto bado kasimama hapa, na mimi sijamwambia.

Basi ni has. Nimekosea.