Baba, Kisu Chako Nimeolewa Nacho

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Nimeolewa! Nilitaka uwe wa kwanza kuambiwa, lakini kwa vile umelala huko ng'ambo ya Mwadui, imebidi mtaa mzima wa Kalangalala ujue kabla yako. Mume wangu anaitwa Fideli, mtu wa Kigoma. Ana mwanya kwenye meno ya mbele na kovu refu mgongoni ambalo nalipenda kuliko maua yote niliyoshika kanisani. Kovu hilo nimelichora mimi, kwa kisu chako. Na kisu hichohicho, juma la kwanza la ndoa yetu, kilikaribia kunirudisha nyumbani nikiwa na hina mikononi.

Ngoja nianze mbali kidogo, maana raha imenijaa na naruka maneno.

Unakikumbuka, najua. Mhunzi alikutengenezea kwa chuma cha springi ya lori, akakitia mpini wa pembe ya yule ng'ombe wako mweusi. Kikikunjwa kinalala kiganjani kama mjusi anayeota jua. Kikifunguliwa kinasema "ka!", na mimi nikiwa mdogo nilijua umerudi kwa sauti hiyo kabla sijasikia viatu vyako. Ulikatia tumbaku, ulitolea miiba nyayoni mwangu, uliwahasia ndama wa watu huku wakipiga kelele kama binadamu, na jioni ulinimenyea embe kwa ncha ileile, ukiwa umeiosha mara mbili kwa sababu Mama alikuwa anatazama.

Nakumbuka mnadani. Ulikuwa dalali wa ng'ombe, na kila mnada uliwakataza watu kujizungushia kamba mkononi. Mnunuzi mmoja mwenye tumbo hakusikia. Dume lilishtuka likamkokota juu ya changarawe, koti likachanika, kisha shati, kisha ngozi. Watu walikuwa wameshika miguu yake wanavuta upande wa pili, wakidhani wanamsaidia, na mkono wake ulikuwa unarefuka mbele ya macho yetu. Wewe hukuvuta. Ulikimbia ubavuni mwa dume, ka!, kamba ikakatika. Dume likageuka likakuchana paja. Niliuona mfupa wako, Baba, mweupe, kabla damu haijaufunika. Nawe ulikifuta kwanza kisu kwenye suruali, ukakikunja, ndipo ukaanguka. Nilikuja nikilia, ukaniambia, "Ng'wanawane," yaani mwanangu, "kamba ikikaza usivute. Kata."

Jambo la pili ulilonifundisha lilikuwa la adabu. Kisu hapewi mtu mkononi. Nikikuomba ulikiweka chini, nikakiokota, kwa sababu anayepokea kisu mkononi atagombana na aliyempa. Hata nilipomaliza kidato cha nne, ukaamua kiwe changu, hukunipa. Ulikiweka juu ya kigoda ukageuza uso ukutani, kama mtu anayeibiwa kwa ridhaa yake. "Chukua mwenyewe," ulisema. "Sitaki ugomvi na mtoto wangu wa pekee."

Halafu kifua kikakuua, wewe ambaye madume yote ya Shinyanga yalishindwa kukuua.

Nilikuja Geita kuuza matango machimboni, pale mawe ya dhahabu yanaposagwa kwenye karasha. Kila sketi niliyokuwa nayo niliishonea kimfuko kwa ndani, upande wa kulia, saizi ya kisu chako. Nilimenya, nikachana, nikapaka chumvi na pilipili. Wachimbaji walinitania mchana kutwa.

"Dada Bucha, leo unamchinja nani?"

"Anayeuliza."

"Basi nichinje, lakini tango uniongeze!"

Fideli hakuwa mtaniaji. Alikuwa kijana wa kulisha mawe kwenye karasha, mweupe kwa vumbi kama aliyemwagiwa unga, na kila siku alinunua tango akalila amesimama mbali akinitazama. Nilijua. Mwanamke anajua.

Siku yenyewe ilikuwa na manyunyu, akavaa koti zito. Aliinama kuokota nyundo, mkanda wa injini ukanasa pindo la koti. Baba, mashine haina huruma hata ya ng'ombe. Ilimvuta kinyumenyume, koti likajisokota, likamkaba shingo, uso wake ukawa mweusi chini ya lile vumbi jeupe. Mtu wa injini alikuwa anahangaika kuizima nayo haizimi. Wenzake walimshika miguu wakavuta. Wakavuta! Nikakusikia wewe, wazi kabisa. Sikumbuki nilivyovuka rundo la mawe. Nilitia ncha chini ya kola, nikakandamiza, nikashuka nayo mpaka kiunoni, koti na shati na ngozi kwa mkato mmoja. Damu ilinirukia usoni, ya moto. Koti likaenda peke yake, likapita kwenye gurudumu, likarudi vipande vipande kama kuku aliyenyonyolewa. Yeye akaangukia magotini kwangu.

Neno la kwanza ambalo mume wangu aliwahi kuniambia ni hili: "Umeniua, dada!"

"Nyamaza," nikamwambia, nikimfungia kanga mgongoni. "Nimekukata tu."

Wenzangu walianza kwa kuambiwa wana macho mazuri. Mimi nilianza hivyo, na sibadilishi! Nilimpelekea uji wodini, nikahesabiwa na manesi kuwa mke kabla sijatongozwa. Alipoweza kulala chali ndipo aliposema anachotaka kusema, nami nikajifanya sijasikia ili arudie.

Lakini kulikuwa na jambo. Fideli alikuwa na kaka, Deo, aliyekuja machimboni kabla yake. Deo alichomwa kisu kilabuni, katika ugomvi ambao haukumhusu, akafia mlangoni watu wakimruka kukimbilia nje. Tangu hapo mama yao alimwapisha Fideli asikanyage machimboni. Fideli akamwambia anauza vipuri vya pikipiki mjini Geita. Na kovu lilipohitaji maelezo, akasema kwenye simu kwamba alianguka na bodaboda. Aliniomba nisiseme vingine kamwe. Nikamwahidi, kwa sababu ningemwahidi chochote.

Arusi ilikuwa nzuri mno, Baba. Nilikuwa na kisu ndani ya gauni, kimfuko cha kulia, na nilipopiga magoti altareni kilinigusa paja nikajua umefika.

Baada ya arusi mama mkwe alibaki nasi kwa siku chache. Watu wote wanamwita Mama Deo, yeye mwenyewe anataka hivyo, na kila unapomwamkia unamtaja marehemu. Mchana mmoja tulikuwa uani na wifi yangu, mdogo wake Fideli, tukipika wali. Gunia jipya la maharage lilikuwa limeshonwa kwa kamba ngumu. Nikatia mkono kwenye sketi, ka!, nikakata.

Mama Deo aliacha kuchambua mboga.

"Hicho nini?"

"Kisu, Mama. Cha marehemu baba."

"Kinakunjwa?"

"Ndiyo, Mama."

"Unatembea nacho? Unalala nacho na mwanangu?"

Wifi akataka kucheka, akaona uso wa mama yake, akaacha.

"Kisu cha jikoni unakiona kinakuja," Mama Deo alisema polepole. "Cha mfukoni hukioni mpaka kimeshaingia. Mwanangu hakukiona. Nipe." Akanyoosha kiganja.

Nikimnyima, nimemkosea mama wa mume wangu mbele ya watu. Nikimpa, nimekupoteza mara ya pili. Na jibu la pekee ambalo lingeniokoa lilikuwa siri ya Fideli. Kwa hiyo nilifanya kile mikono yangu inachokijua: nilikikunja, nikapiga goti, nikakiweka chini mbele ya miguu yake.

"Unanitupia?"

"Hapana, Mama! Kwetu kisu hakipokelewi mkononi, kinaleta..."

"Kwenu! Nimekwambia nipe mkononi, wewe unanitupia mavumbini kama mbwa! Ama kitoke hicho, ama utoke wewe!"

Fideli alikuwa anaingia na ndoo ya maji. Alisikia hayo ya mwisho, akaniona nimepiga goti, akakiona kisu chini. Maskini mpenzi wangu, kichwa chake kikiwa na haraka ulimi hupita njia ya mkato. Alisema, "Mama, mwache! Hicho kisu ndicho alichonikatia mgongo!"

Sikuona mkono ukija. Kofi lilinipata puani, nikaona nyota mchana, nikaenda nyuma juu ya beseni la mboga. Damu ikamwagika kwenye kitenge changu cha arusi. Mama Deo alikuwa juu yangu, amenishika nywele, analia na kupiga kwa pamoja, "Na huyu pia! Ulitaka kumwua na huyu pia!", na wifi ananing'inia shingoni mwake, na Fideli anapiga kelele, "Aliniokoa! Mama, aliniokoa! Nilikuwa nimenaswa na karasha!"

Mikono ikalegea kwenye nywele zangu.

"Karasha?" alisema. "Karasha ya wapi?"

Fideli akavua shati. Akageuka. Akasema yote, akiwa ametugeuzia mgongo, nadhani kwa sababu hakuweza kumtazama. Machimbo, mkanda, koti shingoni, watu wakivuta. Mama Deo alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akauchomoa mwiko kwenye sufuria ya wali.

"Vipuri!" Mwiko ukampata begani. "Pikipiki!" Ukampata kichwani, punje za wali zikaruka. "Nikakusalia siku tisa, novena! Ya! Pikipiki!" Fideli, mwanamume mzima, alizunguka uani amefunika kichwa, na yeye akamfuata mpaka mwiko ukavunjika, naye akakaa chini palepale kwenye vumbi, akihema.

Pua yangu ilikuwa bado inadondoka damu.

Baadaye akaniita kwa kidole. Nilienda, nikiogopa. Alinifuta damu kwa ncha ya kanga yake, kwa nguvu, kama anayesugua sufuria. Akamwita Fideli, akamgeuza, akapitisha kidole kwenye kovu kutoka juu hadi chini.

"Ulianzia wapi?"

"Hapa, Mama. Kwenye kola."

"Mkono haukutetemeka?"

"Ulitetemeka baadaye."

Akakiokota kisu. Alikigeuzageuza, kikakataa kufunguka, nikamwonyesha pa kubonyeza kwa kidole gumba. Kiliposema "ka!" alifumba macho. Kisha akayapima makali kwenye ukucha, kama mwanamke yeyote jikoni.

"Butu," akasema. "Ungechelewa nacho kidogo tu, nisingekuwa na mtoto wa kiume."

Akanyanyuka, akaenda kwenye jiwe la kufulia, akalimwagia maji, akaanza kunoa. Alinoa kwa muda mrefu sana, Baba, machozi yakimdondokea kwenye chuma, akiyafuta na kuendelea. Nikakaa karibu yake. Bila kuinua kichwa akaniuliza, "Huyo baba yako alikuwa mtu gani?" Nikamsimulia. Nilipomaliza, yeye akaanza: Deo alivyokuwa anaiba sukari, Deo alivyoogopa bata, Deo alivyoimba kwa pua. Fideli alikuja akasimama, kisha akaketi. Alikuwa hajawahi kumsikia mama yake akisimulia habari za kaka yake. Alikuwa anamsikia akimlilia tu. Wali uliungua mpaka jirani akachungulia juu ya ukuta kuuliza kama tuko salama.

Asubuhi hii Mama Deo aliondoka kurudi Kigoma, baada ya kukiweka kisu chini nikiokote mwenyewe. Mimi nimekaa mlangoni nikikuandikia, kisu kiko mahali pake upande wa kulia, na kitabaki hapo siku zote za maisha yangu. Pua bado imevimba, na sijawahi kuwa na furaha hivi.

Naishia hapa, Baba, si kwa sababu maneno yamekwisha bali kwa sababu naitwa. Ananiita "mke wangu" kwa sauti ya mtu anayejaribu viatu vipya, na mimi sijachoka kuitika. Pumzika. Wasalimie madume.

Mtoto wako wa pekee, na sasa mke wa mtu,
Minza